Jukwaa la Bwaloni: Vyama vya Wanafunzi na Michezo ya Kuigiza katika Shule za Mpanda na Katavi

Shule hupimwa kwa mitihani yake, na kipimo hicho hakina budi kuheshimiwa, kwani mzazi aliyeuza mbuzi ili mtoto wake apate sare na daftari hapendi kuambiwa habari za nyimbo na michezo. Lakini mtu mzima akiulizwa, miaka mingi baada ya kuondoka shuleni, kipi kimebaki moyoni mwake, aghalabu hataji hesabu wala jiografia. Hutaja usiku mmoja katika bwalo la chakula: meza zimeunganishwa zikawa jukwaa, shuka mbili zimetundikwa zikawa pazia, na kijana wa kidato cha tatu, aliyejibandika pamba kidevuni na kujipaka mkaa chini ya macho, amekuwa mzee wa kijiji anayemnyima binti yake ruhusa ya kusoma. Wazazi wameketi kwenye mabenchi ya mbele. Wanacheka, kisha ghafla hawacheki tena.

Madhumuni ya kurasa hizi ni kuuliza kwa nini hawacheki tena. Mchezo wa kuigiza na chama cha wanafunzi huhesabiwa kuwa burudani, yaani vitu vya Jumamosi. Historia yake katika nchi ya magharibi ya Tanzania, na hasa katika shule ndogo za Mpanda na sehemu zilizo leo Mkoa wa Katavi, yaonyesha jambo jingine. Jukwaa la shule ni mahali ambapo kijana hupata kwanza haki ya kusema mbele ya watu wazima, na habari zake ni habari za kugombania neno: nani aseme, kwa lugha gani, na kwa faida ya nani.

Yafaa kwanza kuitazama nchi yenyewe. Mpanda ni nchi ya miombo, iliyo kati ya Tabora na Bonde la Rukwa, na upande wa magharibi inashuka mpaka Ziwa Tanganyika. Wenyeji wake wa zamani ni Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, na jirani zao wa kusini ni Wafipa. Huko Karema, ufukweni mwa ziwa, mapadre wa White Fathers walishika kituo mwaka 1885, wakafungua shule na kufundisha makatekista; na hapo ndipo Adrian Atiman, mtu aliyewahi kuuzwa utumwani utotoni huko Sudani ya Magharibi, akakombolewa na kusomeshwa uganga Malta, alipofanya kazi tangu mwaka 1889 hata kufa kwake mwaka 1956. Mji wa Mpanda wenyewe ni mtoto wa risasi, ile madini. Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba risasi huko, na kwa ajili ya machimbo hayo ikajengwa njia ya reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua, iliyofunguliwa mwaka 1950. Machimbo yakafungwa miaka kumi baadaye. Reli ikabaki, na pamoja na madini yaliyokwisha ilikuwa imeleta wafanyakazi wa makabila mengi ambao lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili.

Ingekuwa kosa kudhani kwamba watu hao walingoja shule iwafundishe kuigiza. Ziwa Katavi, ambalo mbuga ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1974 imepewa jina lake, lina hadithi ya Katabi, mzimu wa mwindaji, ambaye mkwaju wake huwekewa sadaka na wapitao. Na msimulizi wa hadithi kama hiyo hubadili sauti, hunyata, huvuta upinde usioonekana, na wasikilizaji humwitikia. Wala chama si jambo geni. Ngoma ya beni, iliyozaliwa mwambao wa Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ilienea bara ya Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikichukuliwa na askari na wafanyakazi. Marini na Arinoti, vyama vyake viwili vikubwa, vilikuwa na vyeo, michango, sare na mashindano makali. Wasukuma nao, ambao baadaye walihamia kwa wingi Mpanda na Bonde la Rukwa pamoja na ng'ombe wao, walikuwa na mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu. Basi mtoto aliyeingia shuleni alikuwa amekwisha kuona mambo mawili: kwamba watu huungana kwa hiari chini ya viongozi waliowachagua, na kwamba mtu aweza kuwa mtu mwingine kwa muda mbele ya hadhira. Shule ilimpokonya yote mawili mlangoni, kisha ikamrudishia kwa sura ya kigeni.

Sura hiyo ilionekana wazi zaidi Tabora. Enzi za Waingereza Mpanda ilikuwa wilaya ya Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake yalikuwa Tabora, na njia ya elimu ya juu kwa mtoto wa Mpanda ilielekea huko. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925 hasa kwa wana wa machifu, ilijengwa kwa mfano wa shule za mabwana wa Uingereza: mabweni yanayoshindana, viranja, gwaride, na chama cha majadiliano. Julius Nyerere, aliyesoma hapo tangu mwaka 1937 hata 1942, alikuwa miongoni mwa vijana waliojizoeza kusema katika majadiliano hayo. Na aliporudi kutoka Makerere alifundisha katika shule ya St. Mary's katika mji huo huo wa Tabora, mpaka alipokwenda Edinburgh mwaka 1949.

Katika shule za namna hiyo chama cha majadiliano na mchezo wa mwaka vilikuwa vya Kiingereza. Palikuwa na manufaa ndani yake, na si haki kuyaficha. Kijana alijifunza kusimama wima, kumsikiliza mpinzani mpaka mwisho, na kushindwa kwa kura pasipo kugombana. Lakini alijifunza pia, bila kufundishwa kwa maneno, kwamba jambo zito husemwa kwa Kiingereza na mzaha husemwa kwa Kiswahili. Nafasi za masomo zilikuwa chache mno: mwaka 1961, mwaka wa uhuru, wanafunzi wote wa sekondari katika Tanganyika walikuwa 11,832, na katika hao waliofika kidato cha sita walikuwa 176 tu. Jukwaa la Kiingereza lilikuwa jukwaa la wachache hao, na mama aliyetoka kijijini kumtazama mwanawe akiigiza alitazama midomo ikichezacheza.

Hata hivyo mzaha ule wa Kiswahili ulikuwa na nguvu yake. Mfano ulio bora watoka Kenya, katika shule ya Alliance iliyoko Kikuyu. Huko kila mwaka palichezwa mchezo wa Shakespeare kwa heshima kubwa. Lakini wanafunzi walitunga pia michezo yao ya Kiswahili na kuicheza. Mmoja wao, Henry Kuria, alitunga "Nakupenda, Lakini...", mchezo ambao baadaye ulichapishwa mwaka 1957, na Graham Hyslop, aliyekuwa akisimamia mambo ya maigizo Kenya, alitoa naye michezo mifupi ya Kiswahili. Ni jambo la kutia fikira: katika fasihi ya Kiswahili tamthilia iliyoandikwa na kuchapwa haikuzaliwa katika jumba kubwa la mji. Ilizaliwa shuleni, mikononi mwa vijana waliotaka kuwachekesha wenzao juu ya mapenzi, mahari na fedha. Kilichoachwa na walimu kuwa cha kupitisha muda ndicho kilichoota mizizi.

Uhuru ulipokuja, lugha ya jukwaa ilibadilika pia. Mwaka 1963 Nyerere, akiwa rais wa nchi, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Tafsiri ya kwanza ni somo zuri la jukwaani, kwa kuwa kiini chake ni mazungumzo ya hadhara: Brutus anasema na watu wa Roma kwa hoja, wanamkubali; Antony anasema nao baada yake kwa machozi, nao wanageuka. Kijana wa shule aliyeyasoma haya kwa Kiingereza aliyaona kuwa mambo ya mtihani. Alipoyasema kwa Kiswahili mbele ya wanakijiji alitambua kwamba ni mambo ya mkutano wowote wa kijiji.

Kisha likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, na katika mwaka huo huo Elimu ya Kujitegemea. Washairi waliombwa kuyapeleka mafundisho ya Azimio kwa wananchi, na Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, akaipa ngonjera sura iliyoenea nchini kote kwa vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA. Ngonjera yafaa sana shuleni. Haihitaji pazia wala mavazi. Watoto hujipanga safu mbili, upande mmoja huuliza au hubisha, upande wa pili hujibu, na mwishowe wote hukubaliana. Shule ya nyasi iliyoko mwisho wa njia ya reli iliweza kuicheza sawasawa na shule ya Dar es Salaam, na kwa mara ya kwanza bibi aliyeketi chini ya mwembe alisikia kila neno la mjukuu wake.

Lakini ngonjera ilikuwa na kasoro iliyotokana na sifa yake. Mwisho wake ulijulikana kabla ya mwanzo. Mbishi aliwekwa abishe ili ashindwe, na mtoto aliyesema maneno ya mbishi hakuwa na ruhusa ya kushinda. Hivyo lugha ilikuwa ya wananchi, na neno bado lilikuwa la wakubwa. Katika miaka iyo hiyo tamthilia ilichukua njia nyingine. Chuo cha Dar es Salaam kilianzisha idara ya sanaa za maonyesho mwaka 1967. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, akatoa Kinjeketile mwaka 1969, mchezo wa Vita vya Maji Maji ambamo kiongozi anajikuta amefungwa na nguvu ya neno alilolitoa mwenyewe. Na Penina Muhando akatoa Hatia mwaka 1972, unaohusu binti aliyepata mimba na lawama inayomzunguka. Vitabu hivi viliingia madarasani na kuonyesha kwamba mchezo waweza kumwacha mtazamaji na swali.

Wakati huo Mpanda yenyewe ilikuwa ikibadilika. Mwaka 1974 ilitengwa na Tabora na kuwa sehemu ya mkoa mpya wa Rukwa. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa makazi Katumba, na baadaye, mwaka 1978, Mishamo. Na mwaka 2014 wakimbizi wapatao 162,000 wa kundi hilo, katika Mpanda na Tabora, walipewa uraia wa Tanzania. Mwaka 2012 Mpanda ikawa makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Kabla ya hapo, mwaka 2004, ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, uliojenga shule za kata nchini kote. Matokeo yake ni darasa moja lenye mtoto wa Kipimbwe, wa Kisukuma, wa Kifipa na wa asili ya Kirundi. Kiswahili ndiyo nyumba yao ya pamoja, lakini kwa sheria ya shule masomo ya sekondari hutolewa kwa Kiingereza, na katika shule nyingi mtoto akisikika akisema Kiswahili nje ya kipindi chake huadhibiwa.

Hapa ndipo chama cha wanafunzi kinapopata uzito wake. Shule ndogo ya bara huwa na vyama vinne au vitano. Kipo chama cha mdahalo, chenye mwenyekiti, katibu na mtunza muda mwenye kengele. Kipo chama cha dini, chenye kwaya au kasida. Kipo chama cha mazingira: Malihai, vyama vya wanafunzi vya kuhifadhi wanyama na misitu vilivyoanzishwa mwaka 1980, au Roots & Shoots, kilichoanza Dar es Salaam mwaka 1991 kwa vijana 12 waliokutana na Jane Goodall, mtaalamu wa sokwe wa Gombe. Na kipo kikundi cha maigizo, ambacho vyama vingine vyote hukikimbilia siku ya mgeni rasmi, kwani hata kilimo cha miti hakina budi kuelezwa kwa mchezo ili kieleweke.

Tofauti ya mdahalo na igizo hufunza mengi. Katika mdahalo wa Kiingereza husimama wale wale watatu au wanne ambao Kiingereza chao hakina woga, na wengine hupiga makofi. Kikija kipindi cha igizo, mtoto aliyenyamaza muhula mzima hugeuka simba. Humwiga mgambo, humwiga mganga, humwiga mama mkwe; anajua jinsi mlevi anavyofungua mlango na jinsi mdeni anavyosalimia. Mwalimu mlezi hushangaa akidhani kipaji kimeshuka usiku ule. Kipaji kilikuwapo siku zote, ila lugha ya darasa ilikuwa imekifungia nje.

Swali la nani aseme lilipata jibu jipya katika miaka ya 1980. Walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda vijijini kufanya kazi pamoja na wenyeji, mathalani Malya katika nchi ya Usukuma mwaka 1982 na 1983. Hawakuchukua mchezo uliokwisha andikwa. Waliwauliza wanakijiji matatizo yao, na mimba za wasichana wa shule zikawa miongoni mwa yaliyotajwa; wakatunga mchezo pamoja nao kwa ngoma na hadithi za hapo hapo; na baada ya mchezo wote wakakaa kujadiliana. Mwaka 1996 njia hiyo ililetwa katika shule za sekondari kwa jina la TUSEME. Wasichana hutaja wenyewe yanayowazuia kusoma, huyachambua, huyaigiza mbele ya walimu na wazazi, kisha hukubaliana hatua za kuchukua. Jina lenyewe ni fundisho: lasema tuseme, wala halisemi tuambiwe.

Kwa Katavi jambo hili si la nadharia. Uchunguzi wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika mkoa huo wasichana 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Kwa nchi nzima walikuwa 27, na hakuna mkoa uliokuwa na hesabu kubwa kuliko Katavi. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule ya serikali, na ruhusa ya kurudi darasani haikuwapo. Ilipatikana hatimaye Novemba 2021. Katika nyumba ya heshima, binti hawezi kumkabili baba yake na kumwambia kwamba mahari ya ng'ombe imemnyima masomo, wala hawezi kumtaja mtu mzima anayemsubiri njiani. Adabu inamfunga ulimi, na adabu hiyo ni njema katika mambo mengine. Lakini akivaa khanga ya mama yake na kuwa mama jukwaani, na mwenzake akavaa koti kuukuu na kuwa baba, adabu haikuvunjwa na neno limesemwa. Baba wa kweli aliyeketi benchi la mbele amesikia. Hawezi kukasirika, kwa kuwa kukasirika ni kukiri kwamba koti lile ni lake. Hiyo ndiyo sababu watu walioanza kwa kucheka hunyamaza.

Wapo wenye hoja dhidi ya mambo haya, na hoja zao zastahili jibu. Ya kwanza ni kwamba michezo hula wakati wa masomo. Ni kweli kwamba saa ni chache, hasa kwa mtoto atembeaye mwendo mrefu kila siku. Lakini kijana asiyeweza kupanga fikira zake na kuzitamka hana atakachokiandika katika chumba cha mtihani, na kikundi cha maigizo ni mahali pachache ambapo huzipanga kwa furaha. Ya pili ina uzito zaidi. Husemwa kwamba igizo la shule limekuwa mahubiri: kila mchezo una mlevi mmoja, binti mmoja aliyepotoka, na mwisho wa majuto, na kwamba wafadhili na wageni rasmi wamechukua nafasi iliyokuwa ya chama na serikali katika enzi za ngonjera. Lawama hii ni ya haki pale inapofaa. Mchezo ambao binti peke yake ndiye hutubu, na mwenye kumpa mimba haonekani jukwaani, haujasema neno la mwanafunzi hata kama umesemwa kwa kinywa chake. Kipimo ni rahisi: atazamwe nani ameuchagua mwisho. Mwisho ukiwa umeletwa na mlezi katika karatasi, hiyo ni ngonjera iliyovaa nguo mpya. Mwisho ukiwa umebishaniwa na wachezaji wenyewe mpaka taa inazimwa bwaloni, hilo ni jukwaa.

Lipo jambo moja la mwisho, nalo lawahusu wanafunzi na wanachuoni. Michezo hii haiandikwi. Hutungwa kwa kinywa katika wiki mbili, huchezwa mara moja siku ya mahafali, na kidato cha nne kinapoondoka huondoka nayo. Michezo michache ya Alliance ilisalimika kwa sababu ilipata mpiga chapa. Ya shule za Mpanda haikupata. Wanachuoni wamehifadhi hadithi za wazee, na wamefanya vyema. Za watoto nazo ni mali. Kila kikundi cha maigizo kingeweza kuwa na daftari moja kubwa, na katibu wake angeandika humo jina la mchezo, siku uliyochezwa, nani alicheza nini, mambo yalivyokwenda, na neno gani lilibishaniwa. Daftari hilo halina gharama kubwa kuliko chaki za mwezi mmoja. Baada ya miaka ishirini, mwenye kutaka kujua watoto wa Katavi walikuwa wakiogopa nini, walimcheka nani, na walitaka dunia yao iwe ya namna gani, atalifungua na kulisoma, naye atayapata humo mambo ambayo hayamo katika orodha yoyote ya matokeo ya mitihani.